Kadi ya Duka la Kompyuta na Chenji ya Watu

Walisema sitaweza hata kulipa kodi ya fremu ya duka ya miezi mitatu. Walisema mtu aliyerudi kutoka Omani na sanduku moja na begi la mgongoni hana la kuonyesha, maana wenzake walishusha friji na televisheni kubwa kama vitanda. Mjomba wangu wa Kisarawe, ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mtu aliye hai, alisema mbele ya wageni waliokuja kunipokea, "Huyu atamaliza hela zake kwa chai na vitumbua, halafu atarudi huko huko kuomba kazi ile ile." Mwingine akasema stashahada yangu ya kompyuta imeshaoza, kwa kuwa kompyuta za siku hizi siyo zile nilizosomea. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniuliza kama bado nakumbuka kulima muhogo, kwa sababu kuna shamba linatafuta mtu.

Nilikuwa nimekaa pale pale, sahani ya pilau mapajani, nikiwasikia wote.

Leo naandika haya nikiwa kwenye kiti cha kuzunguka, ndani ya duka langu mwenyewe, mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha, na nyuma yangu kompyuta zinawaka kwa safu. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kujisifu kidogo. Mimi nitajisifu sana, msomaji anivumilie.

Omani nilifanya kazi kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, upande wa kompyuta. Nilianza kwa kubeba maboksi, nikaondoka nikiwa ndiye ninayeitwa mteja akiuliza swali gumu. Huko ndiko nilikozijua kadi za wateja. Kila aliyefika kaunta aliulizwa, "Una kadi?" Wengine walikuwa nazo nyingi hadi pochi haifungi, wakazipekua moja moja huku foleni inanuna nyuma yao. Niliwasoma wote. Niliona kuna watu wachache ambao kadi inawanufaisha kweli, na kuna wengi wanaoitembeza tu kwenye pochi kama picha ya shemeji.

Nilirudi nikiwa na akili nyingi na fedha kidogo. Zilizokuwepo zilikuwa zimeingia kwenye nyumba ya mama na kwenye kiwanja changu cha Mkuza, ambacho mpaka sasa kina mawe ya mpaka na mipapai. Kwa hiyo nilikopa kwa watu watatu. Wa kwanza alikuwa mwenye fremu, mzee mstaafu kutoka bara, aliyekubali niingie nilipe kodi baadaye. Wa pili alikuwa mjomba yule yule. Usishangae. Alinipa huku akisema, "Nakukopesha ili ukishindwa niwe na haki ya kusema."

Wa tatu alikuwa shangazi, na hapo ndipo palipokuwa na uzito. Shangazi alikuwa ameuza korosho zake, na fedha ile alikuwa ameiweka kwa kazi moja tu: kumtoa mwali. Mjukuu wake anayemlea alikuwa ameshavunja ungo, na kwetu Uzaramoni huwezi kumtoa mwali kimya kimya kama mtu anayetoa taka uani. Lazima ngoma ipigwe, watu wale na kushiba, mtoto apambwe na abebwe mabegani watu wamtunze. Shangazi alitaka kwanza mtoto amalize darasa la saba, ndipo shughuli ifanyike Shaabani ya mwaka unaofuata, kabla ya mfungo. Kwa hiyo fedha ilikuwa na nafasi ya kutembea kidogo.

"Nakupa, baba," aliniambia. "Lakini Shaabani ikiingia hujarudisha, mimi nitasema nini kwa wenzangu? Niwaambie fedha ya ngoma imeingia ndani ya kompyuta?"

"Nitairudisha, shangazi. Wallahi."

"Usiniapie. Niletee."

Nikaenda Kariakoo. Nilinunua kompyuta mbili za mezani zilizotumika, mashine ya kuprinti inayotoa na kopi, na tona ya akiba, yaani wino wake. Nilipokuwa nalipa, dada wa kaunta akaniuliza, "Kaka, unachukua na kadi yetu?"

"Inafanya nini?"

"Unalipia ada mara moja kwa mwaka. Kila ukinunua unapata pointi. Pointi unakuja kuchukulia vitu humu humu dukani. Halafu mwenye kadi anapata tona kwa punguzo, na mashine yake ikisumbua tunaiangalia bure."

"Pointi zinageuzwa hela?"

"Hela hapana. Vitu."

"Zinakufa?"

Akaacha kuandika. "Kwani wewe umefanya kazi duka gani, kaka?"

"Zinakufa au hazifi, dada?"

"Mwaka ukiisha zinakufa," akasema, safari hii bila tabasamu la biashara. "Mimi nikwambie ukweli. Kama utarudi rudi, ichukue. Kama umenunua ndiyo basi, tunaonana miaka mitano ijayo, utakuwa umetuchangia tu."

Nilipiga hesabu kichwani hapo hapo. Punguzo la tona peke yake lingerudisha ada ndani ya miezi michache, kama ningeprinti sana. Nikaichukua. Ilikuwa ya bluu, inateleza, na nilipofika Kibaha nilimwonyesha kila mtu.

Mwenye fremu aliigeuza geuza. "Harusi ya nani tena hii? Mimi mwezi huu nimeshachanga nimechoka."

"Siyo kadi ya mchango, mzee. Ni ya duka la kompyuta."

"Umepewa?"

"Nimelipia."

"Umelipia ili uruhusiwe kwenda kununua?"

Nilimweleza taratibu kuhusu pointi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia kadi, akafungua gazeti lake.

Miezi ya mwanzo nasema kweli kadi haikufanya lolote. Sikuwa nanunua. Watu walikuja kutoa kopi ya kitambulisho, moja, mbili, wakaondoka. Mjomba alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala, kana kwamba amewekewa ratiba. "Ile kadi yako imeshazaa?"

"Inazaa taratibu, mjomba."

"Mwembe nao unazaa taratibu, lakini maua tunayaona."

Kwa hiyo wewe unayetaka kumnunulia mtoto wako wa chuo laptop moja, na dada wa kaunta anakutajia kadi, nakushauri kama mtu wa stashahada na uzoefu wa nje: mshukuru, uiache. Laptop moja haizai pointi za kutosha kununua hata kipanya. Bora ile ada uongeze ununue begi zuri la kuibebea, au ubishane bei, maana mara nyingi ukibishana vizuri unapunguziwa zaidi ya kadi yoyote.

Kilichoipa kadi yangu uhai ni tabia yetu wenyewe, ambayo huko Omani sikuiona. Huku kwetu mtu akisikika anakwenda mjini, anaagizwa. Huwezi kupita Kwa Mathias ukiwa umevaa viatu vya safari bila mtu kukuuliza unarudi saa ngapi. Mimi nilikuwa nashuka Dar kila wiki kufuata karatasi, na watu wakajua. Mwalimu mmoja akanipa fedha za laptop. Akafuata karani wa ofisi fulani ya serikali. Akafuata mchungaji, halafu imamu, wiki moja, laptop za aina moja, na kila mmoja aliniomba nisimwambie mwenzake bei.

Sasa, ukiagizwa na jirani huwezi kumtoza. Ukimwambia "ongeza ya kwangu", jioni mtaa mzima unajua kwamba kijana aliyerudi nje ana roho ya kupima. Unaletewa nauli na hela ya soda, basi. Unarudisha mzigo, risiti, na chenji mpaka shilingi ya mwisho. Anayekula chenji haagizwi tena, na habari zake zinatangulia kila anapokwenda.

Hapo ndipo niliiona akili yangu. Niliwaletea watu laptop kwa bei ile ile ya dukani, risiti mkononi, chenji kamili, nao wakanishukuru na kuniombea. Pointi zikaingia kwenye kadi yangu. Hakuna aliyepungukiwa hata senti. Kadi ikapanda daraja, nikapewa nyingine ya rangi ya fedha. Tona nikawa naichukua kwa pointi, rimu za karatasi kwa pointi, kwa hiyo kila kopi niliyotoa ilikuwa karibu faida tupu. Nikaanza kumwekea shangazi fedha pembeni. Nikaongeza kompyuta ya tatu. Mjomba alipopiga simu Ijumaa nilimwambia, "Imezaa mapacha." Akakata.

Mmoja wa walioniagiza alikuwa muuguzi wa hospitali ya Tumbi, mama wa makamo mwenye sauti ya wodini, ile inayosikika mpaka kitanda cha mwisho. Alikuwa anajiendeleza na masomo, nikamletea laptop nzuri. Miezi michache baadaye alikwenda Kariakoo mwenyewe kununua chaja, dada wa kaunta akamuuliza kama ana kadi, wakaongea, akazijua habari za pointi. Mchana ule ule akaingia dukani kwangu na mkoba begani. Wanachuo watatu walikuwa wanasubiri kopi, mwenye fremu yupo kwenye benchi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Akanigeukia. "Na wewe, naomba chenji yangu."

"Chenji ipi, dada? Laptop nilikuletea na risiti, na iliyobaki nikakupa mkononi."

"Hiyo ulinipa. Nataka pointi."

Nilicheka kidogo, kicheko cha mtaalamu. "Pointi siyo hela, dada yangu."

"Zinanunua nini?"

"Tona. Karatasi."

"Na asiye na pointi ananunua tona kwa nini, kwa maji?"

Wale wanachuo wakasahau kopi zao. Nikaona hapa lazima nisimame sawasawa. "Sikiliza. Kadi ni yangu, ada nimelipa mimi. Ungekwenda mwenyewe siku ile usingepata pointi hata moja, kwa sababu huna kadi. Hukupoteza kitu."

"Sikupoteza. Lakini hela iliyozaa ni ya nani?"

"Ni ya kwako, ila..."

"Umeisikia, mzee? Amesema ni ya kwangu."

Mwenye fremu akakunja gazeti. "Nikimtuma mtoto sukari, muuzaji akampa pipi kwa kuwa anamfahamu, pipi ni ya nani?"

"Ya mtoto!" nilisema haraka.

"Ya mtoto," akakubali. "Lakini akifika nyumbani, mdogo wake anaonja."

Wanachuo wakapiga makofi kama wapo bungeni. Na mimi bado nasema sikula chenji ya mtu. Hata leo mje na wanasheria, nitabishana. Lakini nilimtazama yule mama nikaona anachoweza kufanya. Tumbi ina watu wengi, na zamu zinabadilishana mara kadhaa kwa siku. Zamu ya jioni ingeingia ikasikia kwamba kijana wa Kwa Mathias anakula chenji, zamu ya usiku ingepokea, na asubuhi nisingeagizwa hata kipande cha sabuni. Bila kuagizwa pointi zinakauka, na bila pointi tona ingekula ile fedha niliyokuwa namwekea shangazi. Simu ya shangazi ilikuwa imeingia asubuhi hiyo hiyo. Mwali ameshamaliza mtihani, wapiga ngoma wameshasemeshwa, mchele anaanza kuulizia bei. Hakutaja deni. Alimaliza kwa kusema, "Basi, baba, nilitaka tu ujue."

Nikasema, "Dada, kaa chini." Akakaa. "Kila aliyeniagiza nitampa nusu ya pointi zake. Siyo kwa tona, maana utaipeleka wapi. Nitampa kwa kuprinti na kopi hapa hapa dukani kwangu, mpaka nusu yake iishe."

"Nusu?"

"Nusu ni ya ada, na kutembea juani, na kubeba boksi."

"Jua lipi, na unakwenda na gari lenye kiyoyozi?"

"Siku nitakayokiona hicho kiyoyozi nitakuita uje ukione."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Sawa. Lakini andika ukutani. Wewe unaongea sana, mimi sitaamini mdomo."

Niliandika kwa wino mnene, kwa herufi za mtu aliyesoma: ANAYENIAGIZA KOMPYUTA ANARUDISHIWA NUSU YA POINTI KWA KUPRINTI. Usiku ule sikufurahi sana, nakiri. Nilipigia hesabu nilichotoa nikaona pengo, na Shaabani haikuwa mbali.

Ila watu ni watu. Muuguzi alikuja na ripoti yake ya masomo, nikamprintia bure, nusu yake ikaisha. Msimamizi wake akairudisha na masahihisho. Akaja kuprinti tena, kwa hela. Ikarudishwa tena. "Huyu mwalimu ana ubia na wewe?" aliniuliza, huku anahesabu noti. Halafu akaja na wenzake wanaosoma kozi ile ile, nao wana wasimamizi wenye kalamu nyekundu. Walioletewa laptop wote walikuja kula nusu yao, na hakuna aliyekuja kuprinti tu. Mmoja alitaka picha za paspoti, mwingine kufunga ripoti jalada gumu, mwingine barua ya uhamisho iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka makao makuu. Hapo stashahada ilionekana.

Kisha mhasibu wa shule moja ya binafsi akaja kutoa kopi, akasoma ukuta wangu mara mbili. "Na shule ikikuagiza kompyuta za maabara?"

"Nusu ile ile."

"Tunaweza kuichukua kwa kuprinti mitihani?"

Nilijifanya nafikiri. Nikanywa maji. Nikasema inawezekana.

Nusu ya shule iliisha kwa mitihani ya darasa moja. Madarasa yaliyobaki walilipa, na mpaka leo kila muhula wanarudi. Watu huniuliza sasa, kadi zile zinalipa? Ninawajibu kwamba mimi yangu imenilipa, kwa kuwa nilikuwa nanunua kwa niaba ya mji mzima, na kwa kuwa kile kidogo nilichowarudishia watu kilinirudishia watu wenyewe. Kama hununui kwa wengi, na huna cha kuwauzia wakija kudai chao, kaa mbali nayo. Muuguzi naye alichukua kadi yake. Akaniambia haijamsaidia kitu mpaka leo, na bado anaagiza kwangu.

Rajabu ilipokuwa inamalizika, fedha ilikuwa imetimia. Ningeweza kuwatumia wote kwa simu. Nilikataa. Waliosema sitaweza walisema mbele ya watu, na mimi nilitaka kulipa mkono kwa mkono, watu wakiona.

Nilianza na mwenye fremu asubuhi na mapema, kabla hajafungua gazeti. Alipokea, akahesabu, akanipa mkono kwa nguvu. "Mwaka ujao kodi inapanda," akasema. "Duka limependeza."

Nilipanda gari mpaka Kiluvya, nikachukua bodaboda ya njia ya ndani mpaka Kisarawe, shati jeupe likapata rangi ya udongo. Nilimkuta mjomba barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kukopa?"

Nikamwekea bahasha mapajani. Alihesabu, akaanza upya, akashika noti moja akaielekeza kwenye mwanga. "Hii imechakaa." Nikambadilishia. Akazirudisha kwenye bahasha. "Zote umeleta kwa mara moja?"

"Zote, mjomba."

"Ungebakiza kidogo ya kuendeshea biashara. Ndiyo kosa lenu vijana." Kisha akainuka, akavaa kofia yake, akasema twende wote kwa shangazi, maana anataka kuona.

Uani kwa shangazi wanawake walikuwa wanachambua mchele kwenye nyungo. Alikuwa ameukopa dukani kwa ahadi, hilo nililijua baadaye. Nilimwamkia, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Hakuifungua kwanza. Aliishika hivyo hivyo, akanitazama vumbi langu kuanzia viatuni mpaka kichwani, halafu akakaa kwenye kigoda na kuhesabu, noti moja moja, kwa kidole alicholowanisha ulimini. Nyungo zikasimama. Mwali mwenyewe alichungulia kwenye upenyo wa pazia la ndani, nikaona jicho moja tu.

"Imetimia," shangazi akasema.

Akaifunga kwenye pindo la kanga, na mmoja wa wale wanawake akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Shangazi akaniita nikakae karibu yake. Nilimwambia gari la mwisho litaniacha.

"Likuache. Kaa hapa mbele, watu wakione."

Nikakaa. Waliopita uani waliniuliza habari za Kibaha nikawajibu kwa urefu, mjomba pembeni yangu akirekebisha kila hesabu niliyoitaja, na katika watu wote wa Kisarawe na Kibaha hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa ananidai.